Chakula cha Wageni wa Kanisa

Edina aliolewa kabla ya dada yake Ferista, na hakumwomba ruhusa. Hilo peke yake lingesameheka. Lisilosameheka ni kwamba Ferista ndiye aliyesaga mahindi, akachinja kuku wanne, akapika chakula cha posa ile, akiambiwa ni cha wageni wa kanisa. Aliujua ukweli alipoingia na sinia, akamkuta mdogo wake kafunikwa kitenge kipya, macho chini, na wazee wa upande wa Luka, mchumba, wanapiga makofi.

"Tuliogopa utalia," mama yao alisema.

Hakulia. Aliosha vyombo vyote.

Tangu hapo kila mposaji aliyefika kwao Iyula aliuliza swali moja: huyu mkubwa ana nini hata wakamruka? Hakuna aliyerudi mara ya pili. Miaka ishirini na minne Ferista amechuma kahawa peke yake.

Mwaka huu Edina akaja kutoka Tunduma, uso umemsinyaa. Binti yake mdogo, Rozi, kachumbiwa. Mkubwa, Witness, kajifungia chumbani, hali wala hasemi.

"Zungumza naye, dada. Wewe ndiye mama yake mkubwa."

"Nimwambie nini? Nimfundishe kuosha vyombo?"

"Bado umeyabeba hayo? Ningekusubiri mpaka lini, mpaka mibuni izae mananasi?"

Ferista alicheka kwa pua. Msimu uliopita alijikata kwa panga, akafungwa jeraha na sista mmoja wa zahanati ya misheni, mtu wa kisiwa cha Java. Sista alimsimulia kwamba kwao mdogo akitaka kutangulia kuolewa, humwomba mkubwa ruhusa mbele ya watu, na humpa zawadi anayoitaja mkubwa mwenyewe. Kumbe watu wa ng'ambo ya bahari wanalijua hilo, na aliyelala naye tumbo moja hakulijua!

"Walete wote wawili," alisema. "Na mumeo Luka aje aone."

Wakaja Jumapili. Rozi, kama alivyoelekezwa na Ferista, akapiga magoti mbele ya Witness.

"Dada, naomba unipishe. Sema unachotaka."

Witness akasema anataka cherehani. Akaahidiwa. Wakakumbatiana, wakalia.

Edina akashusha pumzi. "Haya, dada, yameisha."

"Ya watoto yameisha."

"Unataka na mimi nipige magoti? Mtu mzima hivi, mbele ya wanangu?"

"Sijakuambia. Umejua mwenyewe."

Wakasubiri chakula. Jiko la Ferista halikuwa na hata jivu la moto siku hiyo. Waliondoka na njaa.

Harusi ni mwezi wa nane. Mama mkubwa ndiye wa kumtoa bibi harusi mlangoni, na Ferista kasema hatoki Iyula. Kitenge alichotumiwa kakirudisha kimekunjwa vilevile. Anachodai hakiuzwi Tunduma. Ni yale maneno mafupi aliyoyasema Rozi, na anayedaiwa ni Edina, akiwa amepiga magoti, Luka akisikia. Mpaka leo hajayasema.