Driver ya mtumba iliyomfaa Baba, Thika miaka ya hamsini

Wakuu, sasa. Wengi humu mnatosha kuwa wajukuu wangu, kwa hivyo hamna haja ya kusimama. Nitawaambia ukweli mtupu. Wale wangenibishia walishazikwa.

Nimesoma uzi wa kijana anayetafutia baba yake mstaafu driver ya golf, ya mtumba. Mzee magoti yanalia, bega halipandi, na nyinyi mnamshauri achukue ile mapro wanatumia kwa TV. Hongereni sana.

Hii maneno niliiona mwishoni mwa miaka ya hamsini.

Tulikaa Ruiru. Baba alikuwa anakata nyasi kwa club ya golf ya wazungu. Kabla ya hapo alikuwa caddie, mbeba fimbo za wachezaji, hadi mgongo ukakataa mabegi. Asubuhi moja kila wiki, wazungu wakiwa hawapo, wafanyakazi waliachiwa kucheza. Ukarimu wa kupindukia: unakata nyasi wiki nzima, halafu unaruhusiwa kuzikanyaga.

Sasa driver ya Baba, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, ikavunjika shingo. Akabaki anaazima. Mzee Karanja, mwenzake wa rika moja, akaanza kumpita.

Baba alikuwa amevumilia Emergency, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Alivumilia tukibomolewa nyumba na kuhamishiwa kijiji. Lakini kupitwa na Karanja kulimtoa usingizi.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nashona Thika kwa mke wa Mhindi mmoja aliyeuza vitu vya mkono wa pili. Wazungu wengine walikuwa wameanza kufunga mizigo, na duka lilijaa viti, birika na fimbo za golf. Nikamwambia Baba. Akatafuta kibali cha kusafiri, akavaa koti, akaja.

Driver zilikuwa mbili.

Moja nyeusi, nzito, inang'aa kama kiatu cha DC. Ilikuwa ya bwana wa shamba la mkonge, mwenye mabega kama mlango. Ya pili ilikuwa nyepesi, mpini wake unanesa kidogo, na uso umelala nyuma ili mpira upande bila kulazimishwa. Tena bei yake ilikuwa chini.

Mnajua alichukua gani. Ile ya pili hakuigusa hata kwa salamu.

Siku ya kucheza, mpira wake wa kwanza ulitambaa kwa nyasi alizokata mwenyewe ukaingia mtaroni. Wa pili ukaufuata. Jioni Mama alimkanda bega na maji moto akiwa ameangalia ukutani, maana uso wake ulikuwa unacheka. Baba akasema fimbo imepinda. Katika nyumba hiyo yote, kitu kilichokuwa kimenyooka ni hiyo fimbo pekee.

Akavumilia wiki kadhaa, kisha akaniita. Aliniita "maitu", yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Maitu, mrudishie huyo Mhindi kitu chake kibovu. Akupe ile ingine."

Mhindi alikubali haraka, kwa sababu ile nyeusi ingeuzika siku hiyo hiyo. Akaniuliza kwa mzaha kama nimeanza kucheza golf, kwa sababu hii niliyobeba ilikuwa ya memsahab, mama mzee wa shamba la kahawa huko kwetu Ruiru.

Nilipofika nyumbani Baba akauliza ilikuwa ya nani.

Nikamwambia ilikuwa ya mzungu mmoja wa Ruiru.

Hakuna uongo hapo. Lugha yetu ndiyo ilinisaidia, haisemi kama ni bwana au bibi.

Mengine Baba alijiongezea mwenyewe. Kufikia Jumapili, huyo mzungu alikuwa mrefu, alikuwa askari mkubwa, na alipigana vita Burma. Mimi nikamwongezea chai.

Na wakuu, ikapiga. Mpira ukawa unapanda polepole, unaenda mbele, na bega limenyamaza. Wiki baada ya wiki Karanja akawa anaachwa nyuma. Baba akawa anaimba akinyoa ndevu, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea na hatukuwa tumeliomba.

Siku moja nikawapelekea uji pale wanapoanzia kupiga. Karanja akaomba kuiona fimbo ya ajabu. Akaigeuza, akaangalia uzi uliofungwa shingoni, akaanza kutabasamu taratibu.

"Hii naijua. Nimembebea begi mwenyewe miaka mingi. Hii ni ya memsahab."

Wanaume wakacheka hadi mmoja akaketi chini. Baba akaniangalia. Mimi nikapata kazi nyingi sana kwenye kibuyu cha uji.

Nilidhani ataitupa. Kwa mwanaume wa siku zile, kuchekwa hivyo mbele ya rika lake ni kitu cha kubeba hadi kaburini. Alichukua fimbo yake, akamuuliza Karanja polepole.

"Huyo memsahab alikuwa anapiga mbali?"

Karanja alikuwa mzee wa kanisa. Hangeweza kudanganya mbele ya watu.

"Kumshinda bwana yake."

"Basi sogea nipige."

Akapiga. Mpira ulipita wa Karanja ukaendelea. Uji ukanywewa bila kelele.

Tukirudi nyumbani alitangulia, na mimi nyuma nikitayarisha utetezi. Karibu na mlango akasimama, bila kugeuka.

"Maitu, huyo mama hakuacha na ile ndogo ya kusukumia shimoni?"

Funzo langu ni hilo, wakuu. Mnunulie mzee fimbo ya mwili alionao leo: nyepesi, mpini wa kunesa, uso uliolala. Kama ni ya mama wa mtu, funga mdomo, ama sema ni ya mtu wa Ruiru.

Sasa mwenye mzee aandike hapa chini ni bega lipi linamsumbua, tumtafutie. Na wale wa kuniambia golf ya siku hizi ni science, karibuni pia. Chai iko, na muda ninao.