Mlificha Jina Langu, Kilio Changu Kikanitaja

Admin, naomba unifiche. Safari hii naandika tu, situmi picha wala sauti, na mkinisoma hadi chini mtajua kwa nini.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na moja, watoto wangu wawili wako shule ya bweni. Nina duka la maziwa Njoro, hapa Moshi. Nilianza na ndoo moja kichwani nikishuka nayo kutoka Machame alfajiri. Leo nina majokofu mawili na wakulima wananiletea lita mia na ishirini kwa siku. Sikuachiwa duka na mtu. Nasema haya mjue nina nini cha kupoteza.

Yule kijana aliyeuawa mtaani kwetu kwa kuitiwa mwizi, ile video ambayo wengi wenu mliiona humu, niliichukua mimi.

Ilikuwa mchana kweupe. Kijana alikuwa anasukuma pikipiki iliyoishiwa mafuta, mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Mimi nilikuwa stoo, dirishani. Walimvuta ukosi wakamwangusha mtaroni, wakaanza mateke. Alikuwa anasema, "Ni ya mjomba, mpigieni mjomba," huku ananyoosha simu. Mmoja akaikanyaga ile simu pamoja na vidole vyake. Nondo ikaja, mawe yakaja. Jirani yangu, nimwite Baba J, mtu ninayempimia maziwa kila asubuhi, alinyanyua tofali la saruji kwa mikono miwili akalishusha kichwani kwa yule kijana. Akalinyanyua tena.

Nilirekodi nyuma ya pazia. Sikutoka. Sitawadanganya, niliogopa. Nikawatumia ninyi, mkaniahidi kunificha, na kweli jina na namba mlivificha. Mimi mwenyewe kabla ya kutuma niliikagua mara mbili, lakini niliizima sauti, maana lile tofali sikuweza kulisikia tena. Nikajiridhisha: dirisha halionekani, pazia halionekani, hata kivuli changu hakipo.

Haikupita wiki, Baba J akaja dukani.

"Mmachame, nipe nusu lita, na leo usitie maji."

"Maji nitakupa wewe uoge," nikamjibu, kama tulivyozoea kutaniana.

Hakucheka. Akaweka simu juu ya kaunta, akaongeza sauti. Pale tofali linaposhuka mara ya pili, kuna mwanamke analia.

"Hiyo lugha ya wapi, mama?"

Nikashika kipimo, nikaanza kumpimia nusu lita yake.

"Mimi mtu wa Rombo. Huyo jirani yako Mpare, yule kule Mkibosho. Mtaa huu mzima, Mmachame ni nani?"

Jamani, sikumbuki kulia. Mpaka leo sikumbuki. Lakini ni mimi, nalia kama bibi yangu alivyokuwa akilia msibani, Kimachame kitupu. Ninyi wa mbali mnatuona Wachagga wote lugha moja. Sisi kwa sisi, mtu akifungua mdomo tunajua katoka upande gani wa mlima.

Kesho yake wakaja wanne, saa ambayo duka limejaa. Hakubaki mteja hata mmoja, na hakuna aliyepiga kelele. Walivunja kioo, wakamwaga maziwa, wakanigaragaza humo humo. Mmoja alinikalia mgongoni. Baba J akauweka mkono wangu wa kulia juu ya kizingiti, akaukanyaga kwa buti. Nilisikia mfupa unavunjika kabla sijasikia maumivu.

"Huu ndio ulioshika simu," akasema. "Ukienda mahakamani, tunafuata ulimi."

Halafu akajichotea nusu lita kwenye ndoo iliyobaki, akaondoka nayo.

Hospitali nilisema nimeteleza. Ningesema nimepigwa wangetaka PF3, ile fomu ya kutibiwa majeruhi, na PF3 inatolewa polisi.

Nilikuwa nimeshaandika ujumbe, admin, wa kukuomba uifute ile video. Kabla sijautuma, akaingia dukani mama mmoja mtu mzima, ametoka Mwika, habari za kuvunjiwa kwangu zimeshamfikia, anauliza kama hapa ndipo kwa Mmachame. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akakaa kwenye kreti, akauangalia mkono wangu uliofungwa.

"Ni wewe uliyemlilia mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kukiri kwa mtu.

"Mimi video siitazami," akasema. "Naigeuza simu kifudifudi, nasubiri pale unapolia. Nasikiliza, nazima. Angalau najua wakati anakufa kuna mtu alimlilia."

Ndipo akanieleza shida yake. Ameambiwa video peke yake, bila aliyeichukua kusimama na kusema ni mimi niliyeona, wakili wa akina Baba J ataipangua. "Sikulazimishi, mwanangu," akasema. "Wewe una watoto. Mimi nilikuwa naye huyo huyo."

Mama huyo ameshatoa maelezo yake polisi na ameniruhusu niandike. Dada yangu naye ananipigia kila siku, anasema nifunge duka nirudi Machame nikafuge, nimeze mate ninyamaze. Nimepiga hesabu kila upande. Duka naweza kulianza upya, ndoo naijua. Watoto ndio sina wa akiba.

Baba J, najua unasoma hapa. Mlishanijua, kwa hiyo leo sijifichi kwenu. Najificha kwa wengine ambao bado hawajaambiwa waje.

Admin, ule ujumbe wa kuifuta bado sijautuma. Nauangalia, na haya nayaandika kwa mkono wa kushoto. Mkiifuta, labda watanisahau. Na yule mama ataigeuza simu yake kifudifudi asubiri, asisikie kitu.

Ninyi mnaonisoma mna akili tulivu kuliko yangu, na hamna mtu anayepita mbele ya duka lenu kila asubuhi akiwaangalia mdomo. Nisimame mahakamani kwa jina langu, au nimwombe admin aifute nikawalee wanangu? Niambieni, ila mkiniambia nisimame, mniambie na watoto niwaweke wapi.