Matoleo Kumi na Mawili Kabla ya Jumamosi

Binti yangu aliponiambia anataka kwenda kuishi Matasia kwa dada ya marehemu mamake, nilikuwa nimebakiwa na siku sita. Anti yake angekuja kumchukua Jumamosi. Sikumuuliza sababu. Tangu tumzike mamake, miezi minne iliyopita, mimi na yeye tulikuwa tukiongea mambo ya maji kupotea, basi. Hapa Kitengela maji hupotea sana, kwa hivyo angalau tulikuwa na la kusema.

Nilitaka abaki, na sikujua pa kuanzia. Nikaamua kusoma vitabu vyake vya katuni, matoleo kumi na mawili kuhusu msichana mwenye upanga unaokata upepo, anayepigana na majitu yanayochomoka ardhini. Kwa miaka nilikuwa nikivicheka. Sasa nikaviomba kwa adabu, kama mtu anayeomba moto kwa jirani aliyemtukana jana. Akanipa bila kunitazama.

Niseme ukweli, vilinishika. Huyo mchoraji ana mkono. Kuna kurasa nne nzima zisizo na neno hata moja, ni vumbi na nyasi zilizolala tu, na msichana anakuja kutoka mbali. Niliona ni kule nyuma ya ploti yetu mwezi wa Agosti. Mtu mzima, na kitambi changu, nilisoma toleo la tatu nikiwa nimesimama jikoni.

Lakini kasoro ni tele. Majitu yenyewe hayana sababu ya kupigana. Kila adui ni mkubwa kuliko wa jana, na upanga ukivunjika, mwingine unapatikana papo hapo. Kilichoniudhi kabisa ni toleo la tano. Mamake yule msichana anauawa, na ukurasa unaofuata msichana yuko juu ya paa anarusha mateke. Hakuna matanga, hakuna maombi, hakuna jirani hata mmoja anayebisha hodi. Nilikasirika kana kwamba aliyekufa ni wetu.

Kwani sisi wa kwetu tulimwomboleza ipasavyo. Wiki mbili nzima, kila jioni, sebule ilijaa: kamati ya mazishi, kwaya ya kanisa, wenzangu wa kazini, watu wa ukoo waliosafiri kutoka magharibi. Chai alipika binti yangu, sufuria baada ya sufuria. Wote walimsifu kwamba amekomaa. Nami nikajaa fahari, nikawa nawaambia, “Huyu amejikaza.”

Ijumaa nilimrudishia vitabu. Alikuwa anakunja nguo. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayeenda intavyu.

“Huyu mtu anajua kuchora,” nikasema. “Lakini hapo kwa mamake amekosea. Mama anakufa na hakuna mtu anakuja kwao?”

Akaacha kukunja.

“Baba, hapo ndio mimi hupenda.”

“Unapenda aje?”

“Kwake hakuna mtu alikuja. Akatoka nje, akapiga vitu, akapiga nduru. Mimi nilikuwa nachemsha maziwa.” Sauti yake haikupanda hata kidogo. “Wageni wanakunywa chai na mimi sijalia. Nilikuwa nangoja waende. Wakienda, unaniambia nioshe vikombe, sababu kesho kuna wengine.”

Nilitaka kumweleza kwamba ndiyo desturi yetu, kwamba bila wale watu mimi nisingesimama. Yote hayo ni kweli. Lakini nilipojaribu kumkumbuka katika zile wiki mbili, niliona trei, nikaona mikono miwili inaweka vikombe mezani. Uso wake sikuuona. Nilikuwa sijauangalia.

“Nisamehe,” nikasema.

“Ni sawa.” Aliitamka kwa ile sauti aliyokuwa akiwakaribishia wageni.

Usiku huo sikulala. Nilipanga maneno, nikayapangua. Nilijiambia asubuhi nitamshika mkono, nimwambie alie hapa, nyumbani kwake, na mimi nitafunga mlango asiingie mtu.

Anti yake alifika mapema. Nikampokea mlangoni, nikampisha kiti, nikamgeukia binti yangu.

“Mami,” nikasema, “wekea anti chai.”

Niliyasikia maneno yangu yakiwa yameshatoka. Binti yangu alinitazama mara moja, kisha akaenda jikoni.