Paa na Paa wa Mwalimu Umaima

Siku tatu kabla ya mtihani, Mwalimu Umaima aliacha kula. Najua kwa sababu sisi wawili hunywa chai pamoja kila siku saa nne, yeye mwalimu wa ushonaji, mimi wa useremala, na wiki ile mahamri yake yote yaliishia kwangu. Sikumkatalia. Hofu haimshibishi mwenyewe, lakini jirani yake hushiba.

Chuo chetu kiko karibu na mtaa wa Buxton, hapa pwani. Mwaka huu mkuu alitwambia kinagaubaga: atakayefuzu mafunzo mapya atabaki na darasa lake, asiyefuzu atafute pa kwenda mkataba ukiisha. Na mafunzo yenyewe ni ya nini? Ya kutuwezesha sisi mafundi kuwafundisha vijana kubuni michezo. Usicheke, mimi nilicheka nikajuta. Mchezo sharti uchezwe na kila mtu, aonaye na asiyeona, tena utengenezwe kwa mabaki, bila kununua kitu kipya. Umaima ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza katika chumba kile cha cherehani. Angekwenda wapi?

Mchezo wake ulikuwa mzuri hata nikaona wivu. Aliunganisha vipande vya leso vilivyobaki darasani vikawa kitambaa kimoja kikubwa, akadarizi juu yake picha za kupapaswa kwa vidole: paa la nyumba lenye makuti ya uzi mnene, paa wa mwituni mwenye pembe, kaa la moto, kaa wa pwani na magando yake. Mwalimu hutamka neno, mchezaji huitafuta picha na kuifunika kwa kifungo cha shati. Aliujaribu kwa jirani zake wa Mji wa Kale, wote wamefungwa macho, na hapana aliyekosea hata mmoja.

Asubuhi ya mtihani nilimkuta mlangoni akifungua mkoba na kuufunga, akifungua na kuufunga.

"Nahisi baridi," aliniambia, huku jasho likimtiririka chini ya rida, vazi lake la kujifunika kichwa na mwili.

Msimamizi alikuwa Bwana Kutbuddin, mzaliwa wa Mji wa Kale kama yeye. Mchezaji aliyeletwa ni Truphosa, mama wa makamo asiyeona, mtu wa Kakamega, kazi yake kupokea simu katika afisi moja bandarini. Alisalimia, akaketi, akakitandaza kitambaa kwa viganja viwili na kukisifu.

"Paa," akasema Umaima.

Truphosa alipapasa, akaweka kifungo juu ya paa la nyumba. Umaima alimtaka mnyama.

"La, dadangu. Sikiza vyema. Paa."

Kifungo kikarudi palepale. Kisha likaja neno kaa, naye badala ya kaa wa pwani akafunika kaa la moto. Darasa la Umaima lilikuwa likimponyoka mbele ya macho yetu.

"Sikiza, bibi! Masikio yako yako wapi?"

Truphosa aliinua uso. "Mwalimu, mimi ni kipofu. Kiziwi ni mwingine."

Niliona haya kana kwamba niliyetukana ni mimi. Bwana Kutbuddin alikohoa kidogo. Yeye alikuwa amesikia wazi, kama nilivyosikia mimi: paa mnyama hutoka na pumzi mdomoni, paa la nyumba halina pumzi. Sisi wa hapa hatufundishwi hilo, tumelinyonya kwa mama zetu.

"Mchezaji amekosea," akasema huku akiandika. "Mchezo hauna ila. Endelea, mwalimu."

Amefuzu! Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Lakini Umaima hakuendelea. Alikuwa akiutazama mkono wa Truphosa, bado umeshika kile kifungo, nami nikaomba anyamaze. Kweli kabisa, niliomba anyamaze.

Aliuchukua ule mkono, akaweka kiganja mbele ya mdomo wake mwenyewe.

"Paa," akasema. "Na sasa: paa."

Truphosa alishtuka. "Hii ya pili ina upepo!"

"Ndiye mnyama huyo."

"Kwetu hakuna upepo, mwalimu. Yote ni paa tu."

Umaima akamgeukia msimamizi. "Bwana Kutbuddin, futa. Huyu hakukosea. Nimetunga mchezo wa watu wa mtaani kwangu, nikauita wa kila mtu."

"Nikifuta, hufuzu. Wajua maana yake?"

"Najua. Futa."

Akafuta. Umaima alianza kukunja kitambaa, na Truphosa akamshikia ncha mbili za upande wake.

"Mwalimu," akamwuliza, bila ubaya wowote, "na wale wanafunzi wako waliotoka bara, miaka yote hii, walipokosea uliwaambiaje?"

Umaima aliacha kukunja.

"Niliwaambia wasikize."