Mjomba na Kinga ya Maziwa

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na herufi nyingine huenda nimeziruka. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Nivumilieni tu, maana habari hii siwezi kuisimulia kwa mdomo. Mbele za watu sauti yangu hukimbia.

Mjomba ndiye aliyenilea, hapa Lipangalala. Ni mpiga dawa. Magugu yakizidi mpunga watu humwita, naye hubeba bomba mgongoni na kupuliza jaruba moja baada ya jingine. Hata huko Mngeta wanamjua.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alivaa kaptula, miguu peku. Dawa aliikoroga kwa mkono, akauzamisha hadi kwenye kiwiko kama mtu anayetafuta kambale kwenye tope. Tundu la bomba likiziba, aliliweka mdomoni akalipuliza. Kinga yake ilikuwa moja tu: kikombe kikubwa cha maziwa kabla ya kazi, na kingine baada ya kazi. Alisema maziwa yanatandika tumbo, kwa hiyo sumu ikija inateleza na kupita.

Msimu uliopita haikuteleza. Alirudi macho mekundu, akatapika, na mikono ikatetemeka hivi kwamba nilimlisha uji kwa kijiko siku mbili. Alipopata nguvu ya kusema, alilaumu maziwa. Eti yalitiwa maji.

Baadaye bwana shamba alikifundisha kikundi chetu cha wakulima, na wapiga dawa wakagawiwa ovaroli, gambuti, glavu, barakoa na miwani ya kukinga macho. Mjomba alivipenda mno, na hapo ndipo shida ilipoanza. Gambuti alizivaa kwenda misa ya kwanza, na njia ilikuwa kavu kabisa. Miwani aliivaa kwenye pikipiki kwenda sokoni. Ovaroli aliipiga pasi ya mkaa, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Nilipomuuliza ataivaa lini shambani, alishangaa.

"Nguo nzuri hivi niipeleke kwenye sumu?"

Msimu huu ulipofika nilikosa amani. Lakini mtu aliyenifundisha kushika jembe, mimi nimfundishe kuvaa? Siku moja kabla hajaanza kazi nikaenda kwa jirani yetu, mama wa Kisukuma anayetuuzia maziwa. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akacheka.

"Binti, umekuja kununua au kulinda nyumba?"

Nilimweleza huku nikitazama vidole vya miguu yangu. Akasema, "Mwache aje mwenyewe."

Asubuhi mjomba akaenda na kikombe chake. Nikamfuata nyuma.

"Leo maziwa hakuna, baba," jirani akamwambia.

"Hakuna vipi? Ng'ombe si hao hapo!"

"Ng'ombe wapo, ila hawajasomea udaktari. Maziwa yangu ni ya kunywa, siyo ya kuvaa."

"Basi siendi," mjomba akasema kwa hasira. "Mimi siwezi kupiga dawa bila kinga!"

Yule mama akanigeukia mimi.

"Mjomba," nikasema, "kinga ipo kwenye msumari."

"Umesemaje?"

"Ipo kwenye msumari. Naogopa, mjomba. Sina mwingine zaidi yako."

Aligeuka na kikombe chake kitupu. Akarudi nyumbani, akavaa vyote. Alipotoka nje, mbwa wake mwenyewe alimbwekea. Mtoto wa jirani akauliza, "Babu, unaenda kurina asali?" Mjomba akapita kama hajasikia.

Shambani alikoroga dawa kwa fimbo. Tundu la bomba lilipoziba, mkono ukalipeleka mdomoni kwa mazoea, ukagonga barakoa. Nikampa maji na mswaki mkuukuu asafishie. Akaguna, akasafisha.

Jioni alioga kwa sabuni, na ovaroli tukaifua kwenye beseni lake peke yake, mbali na nguo nyingine. Alilalamika sana. Joto lilikuwa kali, glavu zilibana, miwani iliingia ukungu, na mbwa hana adabu. Alilalamika huku akila wali na kambale kwa mkono wake mwenyewe, na mkono haukutetemeka. Nikamwongezea mchuzi.

Sasa anasema safari ijayo barakoa ataiacha, kwa sababu inamzuia kupiga mluzi. Jibu la kumpa sijalipata bado, na yule mama hana maziwa mengine ya kumnyima. Kama kwenu kuna mpiga dawa wa namna hii, niandikieni mlivyomshawishi. Andikeni mapema, maana wiki ijayo anaingia shamba la pili.