Mkate Uliopimwa kwa Mkono Wangu

Harufu ya unga uliochachuka ukitoswa kwenye maji ya moto hunirudisha Koekelberg, mtaa wa jiji la Brussels, kwenye majira ya baridi niliyokuwa na miaka tisa. Mama alinileta kutoka Bukavu nikiwa bado mgongoni, na siku hizo alitunza wazee huko Uccle, Jumamosi kutwa nzima. Mimi nilishinda ghorofa ya chini kwa jirani yetu Mpolandi, maman Halina. Dirisha la jikoni kwake lilitazama ukuta, hivyo taa iliwaka hata mchana.

Tulipika mkate wa pete wa kwao. Alisokota kamba mbili za unga kama msuko wa nywele, akauvuta mkono wangu, akauzungusha msuko kwenye vidole vyangu na kuzibana ncha. Pete zilitoswa kwenye maji yanayochemka, zikaopolewa zimevimba, zikanyunyiziwa chumvi na mbegu ndogo nyeusi, ndipo zikaingia kwenye oveni. Nyingine tulizila zikiwa moto. Zilizobaki alizitunga kwenye uzi zikauke, akazituma kwa basi hadi Poland kwa binti yake Kasia, aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Juu ya friji palikuwa na picha ya Kasia, kitoto chenye pengo la meno ya mbele. Nilimhurumia, nami nikajiona mwenye bahati.

Mwezi wa pili Kasia akaja kuishi na mama yake. Maman Halina alikuwa ameingoja siku hiyo miaka na miaka. Alinunua kitanda, akapaka chumba rangi, akawa anaimba peke yake. Aliyeingia alikuwa msichana mrefu, karibu mtu mzima, mchache wa maneno. Jumamosi tuliitwa wote wawili mezani. Kasia alipandisha mikono ya sweta yake, akanyoosha kiganja, tayari. Mama yake akasokota kamba, na bila kutazama, kwa mazoea tu, akauvuta mkono wangu.

Kasia aliutazama mkono wangu ndani ya ile pete. Akashusha mikono ya sweta, akaenda chumbani na kujifungia. Maman Halina alisimama mlangoni akimbembeleza kwa lugha yao, unga bado umemganda vidoleni. Jikoni maji yalichemka mpaka yakakauka.

Jioni mama alipokuja kunichukua nilimsimulia nikilia. Alisimama katikati ya ngazi, mfuko wa kazi begani.

“Ile nafasi ilikuwa ya mutoto yake, mama,” akaniambia. “Bon. Usishuke tena kule.”

Wiki haikuisha, Kasia akarudi kwa bibi yake. Siku moja nilishuka kwa kujiiba. Maman Halina alinipa biskuti za dukani, akanipapasa kichwa, akafunga mlango taratibu. Nilihuzunika sana, na sikuwa na wa kumlaumu.

Leo mimi ndiye ninayeogesha wazee, huko Auderghem, na mwanangu hushinda kwa jirani. Nina jiko lenye dirisha kubwa na oveni ambayo maman Halina angeionea wivu, ila siku ya kulitumia ndiyo sina. Juzi nilipata Jumapili ya mapumziko. Nikakanda unga, nikasokota kamba mbili kwa urefu ninaoujua, ule uliotosha mkono wangu wa miaka tisa, nikamwita mwanangu na kuushika mkono wake. Nilizungusha kamba kwenye vidole vyake. Ncha hazikukutana.