Chai ya Bibi Kule Vuga

Juzi muuguzi alinifunga mkono kunipima presha, akatazama kipimo, akaniuliza, "Mama, chai yako unaweka sukari kiasi gani?" Nikashangaa. Nilitegemea aulize chumvi. Akanieleza kwamba sukari nyingi nayo huchangia kupandisha presha, na taratibu huharibu mishipa, hata ile ya ubongo. Nilikuwa namwona bibi yangu.

Alikuwa bibi mzaa mama, mwenyeji wa Vuga, huku milimani. Tulihamia kwake miaka ya Ujamaa, baba yangu, mwalimu kutoka pwani, alipopangiwa shule ya huko. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni, kuni mbichi zikifuka moshi, na Bibi akikoroga chai tamu ya kukwaruza koo. Usichanani alikuwa mtumishi kwa mzungu mwenye shamba. Sukari aliionja kwa kuramba masalio vikombeni. "Sasa tumejitawala," alikuwa akisema, "nani wa kunipimia?"

Mganga wa zahanati alijaribu. "Bibi, presha iko juu, na sukari imeonekana kwenye mkojo. Uiache kabisa." Bibi alimshukuru vizuri, akarudi nyumbani, akabandika chai. Mama akaificha sukari ndani ya debe la maharage. Bibi hakugomba. Alikaa kizingitini kutwa nzima bila kula, mpaka Mama akaitoa mwenyewe huku analia.

Kikaja kichwa kuuma. Halafu akawa anapotea njia ya kisimani, njia aliyoipita tangu utoto. Asubuhi moja tulikuwa tunamenya viazi, kisu kikamdondoka, mdomo ukaenda upande.

Hakufa siku ile. Lakini Kiswahili kilimtoka chote, kikabaki Kishambaa cha kwao, nami Kishambaa sikukijua, maana nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, lugha ya baba. Alinishika mkono, akasema jambo refu, machozi yakimtiririka.

"Anasemaje?" nikamuuliza Mama.

Mama akageuza uso. "Anakusalimia tu."

Hata mtoto anajua salamu haiwi ndefu vile. Bibi alituacha kabla mahindi hayajakauka shambani.

Niliolewa hukuhuku milimani, na leo Kishambaa nakiongea mpaka wenyeji wanasahau baba yangu alitoka wapi. Jiko lile limebomolewa. Mama naye ametangulia. Bibi aliniambia nini, hakuna tena wa kumuuliza.